Kilele na Kibanda cha Mawe

Kwenye benchi la Phelista, muuza kahawa mjini Kitale, kati ya fundi wa baiskeli na duka la mbegu, kuna sheria moja tu: aliyefika mahali ndiye anayefunga kesi ya mahali hapo. Wakhungu alizaliwa karibu na stesheni ya Bungoma, kwa hiyo hufunga kesi zote za reli, na anaitwa Reli. Rotich hufunga kesi za Mlima Elgon. Anaitwa Kilele tangu mvua kubwa za mwaka wa 2003, aliporudi mjini na matope hadi magotini, watu wakadhani ametoka juu kabisa. Ukweli ni kwamba aliishia kwenye lango la mbuga, baridi ikamrudisha. Lakini jina lilikuwa tamu, naye hakukanusha. Asubuhi moja kesi ilikuwa kile kibanda cha mawe kilichobomoka huko juu, miti inapoishia, kando ya njia ya wapanda mlima.

— Hiyo ilijengwa na Mzungu mwenye alikuwa na shamba ya mahindi, alisema Reli. Alikosana na bibi, akahamia huko.

— Apande mlima yote hiyo juu ya bibi? aliuliza Phelista.

— Bibi alikuwa na sauti, bana. Hapa chini ilikuwa inamfikia.

Phelista akamimina kahawa.

— Wacha uongo. Ilikuwa ya barafu. Serikali ya mkoloni ilikuwa inagandisha maji huko usiku, punda wanaleta Kitale.

— Na jua?

— Si ndio maana punda walikuwa wanafika na maji tu? Kazi ikafungwa.

Reli alilifikiria jambo hilo kwa heshima, kisha akaona haiwezekani reli ikose kuingia.

— Basi ilikuwa stesheni. Laini ilitoka Bungoma, ipande, ishukie Uganda. Gari moshi ikafika hapo ikashikwa na kichomi.

— Gari moshi?

— Baridi haichagui. Kilele, funga kesi.

Kilele akanywa polepole. Hapa ndipo alipoipenda dunia.

— Nyote mko sawa. Mzungu alikuwa stesheni masta. Barafu ilikuwa ya kupoesha injini.

Wakatikisa vichwa kukubali. Kesi ilikuwa imefungwa vizuri sana.

— Samahani, wazee.

Alikuwa Jepkemboi, msichana aliyeajiriwa juzi kuongoza wageni mlimani. Alikuwa amesimama hapo akisikiliza.

— Kesho napeleka wageni na hiyo njia, mara yangu ya kwanza. Mzee, wewe umefika. Mvua ya mawe ikitupata hapo, hiyo kibanda bado iko na paa?

Reli akamgeukia Kilele. Phelista akamgeukia Kilele. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, zuri, lenye mabati na misumari. Kisha Kilele akalitazama koti jepesi la yule msichana, akaogopa kwelikweli.

— Beba hema, alisema.

— Kwani haina paa?

— Sijui. Sijawahi kufika.

Jepkemboi akamshukuru, akaenda kutafuta hema. Fundi wa baiskeli aliacha kugonga, akaanza tena.

— Kunywa, Rotich, alisema Reli. Inapoa.