Mfupa Pajani mwa Randa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu, lenye mguu mfupi uliotiwa kipande cha soli lisiyumbe, na bado linayumba. Hapo ndipo Randa, fundi seremala, alipofika asubuhi ile akichechemea, bahasha ya hospitali kwapani. Miezi miwili nyuma ubao ulimponyoka ukampiga paja. Uvimbe ukaja, ukagoma kuondoka, ukawa mgumu kama jiwe. Siku zote za kusubiri majibu alikuwa na siri ambayo hata mkewe hakuijua: alishachagua mbao nne nzuri, akazipima kwa urefu wake mwenyewe, akazificha nyuma ya karakana.

— Sema basi, usituchinje kwa kisu butu, — alisema Gundi, fundi viatu, nyundo ikiwa juu.

— Si saratani, — alisema Randa. — Jamani, si saratani!

Shangazi, muuza kahawa, alimimina kikombe akampa bila kuombwa.

— Sasa ni nini?

— Mfupa. Umeota ndani ya nyama. Daktari kasema paja lilipoumia, mishipa mipya ya damu ikachipua pale, ikawa inalisha kidonda, mwili nao ukapotea njia, ukajenga mfupa pasipo pake.

— Nilijua mimi! — alisema Rejesta, karani mstaafu. — Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huo ndio ukuta.

— Na mafundi wa huo ukuta walipitia wapi? — aliuliza Gundi.

— Kwenye mishipa mipya, — alijibu Rejesta. — Ile ni barabara, bwana. Chonga barabara uone kama watu hawatajenga kando yake.

— Kumbe ndani mna mtaa mzima! Basi mfupa ukikomaa utaota goti. Goti likikaa sawa, huo mguu wa tatu.

— Miguu mitatu? — alisema Shangazi. — Huyo si seremala tena, ni kigoda.

Randa alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Tangu uvimbe umtokee hakuwa amecheka hivyo.

— Watautoa lini? — aliuliza Rejesta.

— Wanauacha utulie kwanza. Huenda ukanywea wenyewe. Ukinisumbua, watausubiri ukomae ndipo waukate.

— Wakosea hao. Samaki mkunje angali mbichi!

Kwenye ncha ya benchi alikaa mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, akisubiri kiatu chake kishonwe. Alimgeukia Randa.

— Samahani, baba. Daktari hakusema kwa nini mwili ulipotea njia?

— Kasema mara nyingine hutokea tu. Ila pigo bichi halitakiwi kukandwa kwa nguvu, nalo langu lilikandwa.

— Nani alikuwa anakukanda?

Gundi aliinamia kiatu akakipigilia misumari ambayo hakikuihitaji. Chini ya meza yake ilikuwepo ile chupa aliyoiviringisha juu ya paja la Randa kila asubuhi kwa wiki tatu. Rejesta, aliyekuwa akihesabu mizunguko mpaka mia, aligundua kamba ya kiatu chake imelegea. Shangazi, mwenye maji ya moto ya kukandia, alifunua birika akachungulia ndani.

— Kahawa imekwisha, — alisema.

Randa aliwatazama mmoja mmoja. Watu hawa walikuwa wakiacha kazi zao kila asubuhi kwa ajili ya paja lake. Aliwapenda, na hasira hakuiona popote.

— Gundi, benchi lako hili litatuangusha siku moja. Nina mbao nne nzuri, nilizitenga kwa kazi moja, mwenyewe kaiahirisha. Kesho nakuja na msumeno.

— Mwenyewe nani? — aliuliza Gundi bila kuinua uso.

— Mteja mmoja hivi, — alisema Randa. — Kapona.