Okidi ya Awuor

Sikilizeni, wanangu, na mnisamehe mapema kwa sababu haya nitayasema vibaya. Mtu aliyechekesha watu jukwaani miaka ishirini na minane anajua kuvuta pumzi kabla ya kutoa kichekesho, lakini siku hizi pumzi nikiivuta hairudi yote. Cliff, sogeza kiti. Najua umetoka Kisian kwa sababu dada yako alikupigia simu, si kwa sababu hasira zimekuisha.

Ploti hii ya Nyamasaria ni yenu wawili, nusu kwa nusu, na ndugu yangu yeyote akija kusema msichana harithi, mwonyesheni hati, jina la Valarie liko juu kwa sababu ndiye aliyenifulia mashuka. Nizikeni nyumbani kando ya mama yenu, wala msimpe mchekeshaji mwenzangu Robinson kipaza sauti siku hiyo. Vichekesho vyake vyote aliniibia mimi, na alivyoiba anavisimulia vibaya.

Sasa okidi, ua lile la kibarazani. Mama yenu Awuor aliitoa kwao Luanda Kotieno, kwenye mti uliokatwa kupisha barabara, akaifunga kwa uzi wa nyavu juu ya gogo na kulitundika hapo kibarazani, na mimi nikitafuta sifa nikamletea ndoo ya samadi. Aliniangalia kana kwamba nimempa mtoto mchanga nyama choma. "Baba Cliff," akasema, "hii haitaki udongo. Inataka hewa, na wewe uiache."

Basi shikeni hivyo: mizizi ikiwa myeupe, inyunyizieni maji ya mvua asubuhi, ikiwa ya kijani, imeshiba, ondokeni. Maji ya mfereji hapana, jua la saa sita hapana. Ikichanua, maua ni meupe yenye mkia mrefu, na harufu haitoki mpaka giza liingie, ndipo nyumba nzima inanukia kama tumealika harusi ya watu wenye pesa.

Mimi harufu hiyo nilienda kuiuza jukwaani. Nilisema mke wangu ana mume wa pili anayening'inia kibarazani, hali ugali, hakoromi, na ananukia kunishinda. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Awuor alikuwa amekaa safu ya tatu. Alicheka kwa mdomo tu, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani peke yake, na hakukanyaga tena mahali ninapochekesha mpaka tukamzika.

Tangu tumzike, miaka minne, okidi haijatoa ua hata moja. Valarie, nilikutukana kwamba unainywesha maji ya mfereji, ukalia. Cliff, wewe nilikwambia taa yako ya ulinzi ndiyo imeiua, kwamba umemzika mama yako mara ya pili, nikatupa sanduku lako nje ya geti. Ulisimama hapo ukasema, "Mzee, mimi ni mtoto wako. Lile ni ua." Nikafunga geti.

Nipe maji, Valarie. Kijiko tu... inatosha.

Mungu awalinde. Awape watoto wa kupiga kelele mezani, na awape wenzi ambao hamtawafanya kichekesho. Cliff, urudi kukaa hapa. Taa yako uiache iwake... haina kosa. Maji ya dada yako pia hayana.

Kila mwaka okidi ilitoa matumba ya maua. Niliamka kabla ya Valarie, nikayakata kwa kucha, nikayatupa chooni, kwa sababu sikuweza kukaa na harufu ile katika nyumba isiyo na mwenyewe. Halafu nikawaita ninyi wauaji.

Jana Valarie aliniambia kuna matumba saba. Yatafunguka... mwaka huu yatafunguka. Msidhani baba yenu ametubu. Siwezi kufika mlangoni.