Mfalme Aliyengoja Kicheko Kiishe

Baada ya miaka arobaini na miwili katika kundi letu la maigizo, De Blauwe Ketel la hapa Utrecht, Giel Kurvers anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake, "mfupi na wa heshima." Ufupi nitajaribu. Heshima anayo tele, ila wanaomjua Giel wanajua kwamba ukimsifu sana usoni huinuka na kwenda kutafuta jibini. Kwa hiyo nitachanganya sifa na utani, ili angalau abaki kitini.

Mimi ni Aaltje Brons, mnong'onezaji. Kwa mgeni atakayelishika jarida hili: ndiye mimi ninayekaa gizani pembeni mwa jukwaa, maandishi ya mchezo yakiwa mapajani, ili mwigizaji akisahau neno nimpenyezee. Nimemsikiliza Giel kuliko mkewe alivyomsikiliza, na mkewe, Lidwien, ameshakiri hivyo mbele ya watu.

Giel ni mtoto wa Limburg, kusini kabisa, kijiji cha wachimba makaa ya mawe karibu na Kerkrade. Baba yake alishuka mgodini mpaka mgodi ulipofungwa. Mama yake, Bi Fien, alioka pai za matunda kwa ajili ya mtaa mzima, na leo akiwa na miaka tisini na mmoja bado anawaamrisha wapishi wa nyumba ya wazee jinsi ya kuoka. Huko kwao G hutamkwa kwa ulaini. Sisi wa kaskazini, juu ya mito mikubwa, tunaikwangua kooni kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Wao huipitisha kwa pumzi tu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo, basi. Lakini nchi yetu, kwa udogo wake wote, imewacheka watu kwa ajili yake miaka nenda rudi, na jukwaani G laini ilikuwa na kazi tatu: padri, mkulima, na mlevi wa kanivali.

Kijana Giel alipoingia chuo cha maigizo Amsterdam, mwalimu wa sauti alimtaka ajitambulishe. Akataja jina lake, ambalo kwa bahati mbaya linaanza na herufi hiyo hiyo, na darasa zima likaangua kicheko.

"Kipaji unacho, kijana," mwalimu akamwambia. "Lakini mfalme akiongea hivyo, watu wataanza kuulizia bia. Nenda kalifanyie mazoezi hilo jina lako."

Hebu fikiria, uambiwe hujui kutamka jina ulilopewa na mama yako. Mwingine angepanda treni arudi kwao. Giel alipanda baiskeli. Msimu wote wa baridi aliendesha kandokando ya mifereji, akikabiliana na upepo, akipiga kelele za maneno yenye G. Mwenye nyumba wake, Bi Kat, akadhani kifua kimemshika, na kila jioni akamgongea mlango na kikombe cha maziwa ya moto yenye asali. "Kunywa, mwanangu, kikohozi hicho kitakuzika." Giel alikunywa mpaka majira ya machipuko bila kumwambia ukweli. Anasema maziwa yalikuwa matamu mno, ukweli ungeyaharibu.

Alipokuja kwetu mwaka 1983, alikuwa anakwangua koo kuliko hata sisi tuliozaliwa tukikwangua. Tulimpa kuigiza mti, kisha tarishi, kisha mume wa pili wa mtu, akavifanya vyote kwa bidii ile ile. Wakongwe hawajasahau siku gari la mapambo ya jukwaa lilipokwama Friesland kwa sababu daraja la kuinuliwa lilikataa kushuka. Watazamaji wameshakaa, sisi hatuna hata kiti. Giel akaenda mkahawa wa jirani, akaazima makreti ya bia, akayapanga, akapanda juu yake akiwa amevaa joho la jaji, akahukumu watu mpaka mwisho. Wiki iliyofuata gazeti moja lilisifu "ubunifu wetu wa kina katika mapambo." Tangu hapo kila jaji wetu amekaa juu ya kreti.

Halafu televisheni ikamchukua, kwa zamu na sisi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa Inspekta Stoop, askari wa bandarini Rotterdam, na kila kipindi kilimalizika kwa mkono wake mezani na maneno yale yale: *Goed. Genoeg gelogen.* Haya. Uongo umetosha. Ihesabuni mikwaruzo wenyewe. Nchi nzima ilimwiga. Muuza nyama alimwambia hivyo, wavulana juu ya baiskeli walimwambia hivyo, na daktari wa upasuaji alimwambia hivyo sekunde chache kabla ya kumchoma sindano ya usingizi. Giel aliyejifunza kukwangua akawa ndiye mfano wa kukwangua.

Mtu mmoja tu hakumwiga. Bi Fien alitazama kipindi cha kwanza sebuleni kwake, majirani wamejaa hadi mlangoni. Kilipokwisha, wote wakamgeukia apokee pongezi.

"Amefanya vizuri huyo bwana," akasema. "Lakini si wangu. Wangu haongei kwa kukohoa."

Giel alitusimulia hilo mezani wakati wa chakula cha mchana, huku akicheka, nasi tukacheka naye. Kisha akauweka chini mkate wake wa chokoleti ya chenga na hakuumaliza. Giel kuacha mkate!

Sasa nije kwenye msimu huu wa maonyesho, maana bila msimu huu ningemaliza wasifu huu kwa picha na saini. Mwaka jana, majira ya vuli, tulikaa kuusoma kwa mara ya kwanza mchezo wetu mpya, *Mfalme wa Chumvi*, tukijua ndio wa mwisho kwake. Mfalme mzee anapinduliwa na watoto wake. Anaingia akisema: *Geef mij geen genade*, msinihurumie. Mwishoni, kiburi kikiwa kimemwisha, anabakiwa na neno moja tu: *genade*. Huruma. Giel akafungua kurasa zake, akasoma sentensi ya kwanza kwa G ya mama yake.

Meza nzima iliinua vichwa. Jorinde Tolsma, mwongozaji wetu, akavua miwani.

"Giel, una mafua?"

"Hapana. Hii ndiyo sauti yangu."

"Mzee wangu, ninakupenda, lakini watacheka."

"Wacheke. Nitangoja."

"Na wasiponyamaza?"

"Nitazidi kungoja. Nina muda, ninastaafu."

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Jorinde si mtu mbaya. Ana mchezo wa kuuza na viti vya kujaza, na alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mfalme akichekwa anapoingia hataliliwa anapotoka. Mwishowe wakakubaliana. Giel angejaribu kwenye onyesho la majaribio kule Amersfoort. Wakicheka mpaka mwisho, angerudisha ile G ya Rotterdam bila neno, na angestaafu nayo.

Usiku wa Amersfoort ukafika. Akaingia, taji kichwani, akasema sentensi yake. Na wakacheka, Mungu wangu, walivyocheka! Walikuwa wamekuja kumwona Inspekta Stoop, wakadhani amewaletea kichekesho cha kanivali. Giel hakukasirika wala hakutabasamu. Alisimama. Kicheko kikapanda, kikashuka, kikapata mtoto wake kule nyuma, huyo naye akazimika. Giel akaisema sentensi tena, kwa sauti ile ile, tangu mwanzo. Wachache wakacheka. Akangoja. Mtu mmoja akakohoa kwa aibu. Akaisema mara ya tatu, na ukumbi ukawa kimya kabisa. Subira huvuta heri, husema watu, ila wengi wanaosema hivyo hawajawahi kungoja mbele ya watu mia nne wanaowacheka.

Mchezo ukaendelea. Ulipomalizika, hakuna aliyesimama. Mnatujua, sisi husimama kumpigia makofi hata mtu aliyesahau nusu ya maneno yake. Usiku ule walibaki vitini kwa muda mrefu, wengine wakitafuta leso, ndipo wakakumbuka kuwa wana mikono. Jorinde akaja nyuma ya jukwaa, macho mekundu.

"Haya, umeshinda. Lakini kesho ngoja kidogo tu, mimi nilikuwa nazeeka kule nyuma."

Basi Giel akazunguka nchi nzima na G yake. Groningen walicheka, akangoja. Haarlem walicheka kidogo, akangoja kidogo. Kufikia Machi hakuna aliyecheka tena, maana habari ilikuwa imeshasambaa. Kwa msimu wote, katika kila mji, haikumteleza hata mara moja. Mimi nilikuwa shahidi.

Onyesho la mwisho lilikuwa wiki iliyopita, Kerkrade. Bi Fien aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akawekwa mbele kabisa, mkoba wake mapajani. Giel aliingia, akasema sentensi yake, na kwa mara ya kwanza hakulazimika kungoja. Huko hiyo ndiyo lugha ya watu; walichosikia ni mfalme tu. Akaigiza kwa muda wa saa mbili kama ambavyo sijapata kumwona. Kisha ikafika dakika ya mwisho. Mfalme akapiga magoti, uso kwa watazamaji, akamwona mama yake pale mita mbili mbele yake, na kamba hukatikia pembamba. Akafungua kinywa.

"*Genade*," akasema. Kwa mkwaruzo wa Rotterdam.

Nilimwona akiisikia sauti yake mwenyewe. Uso ulimwanguka. Nami, ambaye kazi yangu ni kukumbusha, ningemnong'onezea nini? Neno alikuwa amelitaja sawasawa. Kurasa zangu zina maneno, hazina sauti.

Ndipo kutoka safu ya mbele ikaja sauti kavu ya bibi kizee, isiyo na haraka wala aibu.

"Giel. Sema vizuri. Wewe ulilelewa."

Hakuna aliyecheka. Mfalme, angali amepiga magoti, akainamisha taji.

"Ndiyo, mama," akajibu kwa lugha ya kijijini kwao. Akavuta pumzi, akalisema tena lile neno, laini, polepole, kama linavyosemwa kwao jikoni. Taa zikazimika. Katika giza lile nikamsikia Bi Fien akimwambia jirani yake, kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

"Huyo ni wangu."

Nimefanya kazi ya kunong'oneza maisha yangu yote ya utu uzima, na hiyo ndiyo mara pekee mtu mwingine alimkumbusha mwigizaji wangu kabla yangu. Sina kinyongo. Yeye alianza kazi hiyo kabla yangu.

Giel, kwa niaba ya De Blauwe Ketel nzima, asante. Asante kwa mti, kwa tarishi, kwa makreti ya bia, na kwa kutufundisha kwamba kicheko nacho huchoka kikikutana na mtu asiyechoka. Kwenye sherehe kutakuwa na kahawa na biskuti moja kwa kila mtu, kama desturi yetu, lakini Bi Fien ametuma pai kumi na kuagiza zikatwe vipande vikubwa. Tunakuombea uzee wenye afya, upepo wa mgongoni uwapo kwenye baiskeli, na miaka mingi ya kukaa kando ya mama yako, wewe na Lidwien. Nenda salama nyumbani. Na ukifika, taja jina lako kama ulivyopewa.