Meza ya Mzee Wandera Haitoki

Mzee Nashon Wandera anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 2017, baada ya kuitumikia karakana yetu ya baiskeli hapa Namuwongo kwa miaka ishirini na tisa. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa nianze, na nimeanza. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu, na bila jambo hilo wasifu huu utakuwa nusu uongo. Kiongoza-cheni cha baiskeli ya Valarie, ambacho mtakisikia kikisifiwa kwenye hotuba kama kazi kubwa ya mwisho ya Mzee, hakukifunga yeye. Nilikifunga mimi, Jalia, yule wa kupokea wateja mlangoni.

Nitafika huko. Kwanza Mzee.

Alitoka Busia ya upande wa Kenya mwaka 1988. Vita vilikuwa vimekwisha, mji ulikuwa unaamka, na kila mwenye matoke ya kuuza alitafuta baiskeli. Alianza na zile nyeusi za mizigo. Baadaye zikaingia za milimani, za mtumba, zenye tairi nene. Wenzake walizicheka. Yeye alizipenda kwa sababu zilimshinda, na kilichomshinda zaidi ni cheni. Kijana akishuka nayo mlima wa Muyenga, shimo moja tu, cheni inatoka kwenye meno na mwenyewe anabaki anakanyaga hewa. Mteja mmoja alikuwa akilalamika tangu getini: "Mzee, cheni inaluka, bwana! Inaluka tena!" Mzee akamjibu: "Basi ifunge kamba, ssebo, ama uniache nifikiri."

Dawa yake ni kiongoza-cheni: bamba dogo lenye mdomo wa plastiki, linalokaa juu ya gurudumu la meno la mbele na kuikataza cheni kutoka. Shida ni kwamba kila fremu ina mahali pake pa kukishikia. Moja inataka kibano cha kukumbatia bomba la kiti. Nyingine ina matundu karibu na ekseli ya pedeli. Cha hii hakikai kwenye ile, na dukani watakuambia ununue kingine.

Siku za mwanzo Mzee alikosea. Alilichonga bamba kwa tupa mpaka likakaa kwenye fremu ya rafiki yake Obonyo kama limezaliwa pale. Akajisifu wiki nzima. Kisha fremu ikapasuka, Obonyo akaleta nyingine, na lile bamba halikufaa popote tena. Obonyo akamwambia mbele ya watu, "Wandera, umenishonea suruali ya mguu mmoja."

Tangu hapo ikawa sheria ya meza yake: bamba haliguswi na tupa. Kinachobadilishwa ni kishikio tu. Kila kiongoza-cheni kilichokufa alikifungua, akaweka vishikio vyake katika makopo ya maziwa, akivipanga kwa umbali wa matundu. Jina la kampuni halikumhusu. "Usiulize kimetoka wapi," husema. "Uliza matundu yake." Kwa hiyo mtu anakuja na kiongoza-cheni cha kibano na fremu isiyotaka kibano, na anaondoka nacho kilekile, kimekaa kwenye matundu.

Mzee si mtu wa kujishusha, na sitamvika unyenyekevu leo eti kwa sababu kuna keki. Huvaa tai kazini. Akimaliza kazi huita karakana nzima ije itazame. Huzungusha pedeli kinyumenyume akisikiliza, kisha huinua baiskeli hadi kifuani na kuiachia ianguke. Mwenye baiskeli hupiga kelele. Cheni haitoki. Mzee hurekebisha tai.

Hakunifundisha kwa maneno. Alikuja na vipande, akavimwaga juu ya kaunta yangu, akaenda zake. "Fungua, funga, mama. Ukikwama usiniite, mimi nina chai." Nilikwama sana. Siku moja niliweka washa, kile kipete chembamba cha chuma, upande usio wake, cheni ikalia kama panya. Akacheka hadi chai ikamwagika, kisha akavimwaga tena.

Mwezi wa nne alikwenda msibani Busia. Valarie, anayetushindania kwenye mbio za kushuka milima, akaleta fremu mpya na kiongoza-cheni chake cha zamani. Meneja wetu, Madamu Rosalba, alifungua maboksi ya vipya, hakuna kilichokaa. Akatoka kumpigia simu muuzaji. Valarie naye akaenda kula. Nikabaki peke yangu na ile fremu. Nikatoa kibano, nikaenda kwenye makopo, nikapata kishikio cha matundu matatu, nikaongeza washa mbili ili mdomo ulingane na cheni. Nikazungusha. Nikainua. Nikafumba macho, nikaiachia.

Cheni ilikaa.

Valarie aliporudi niliona haya. Nikasema Mzee alikiandaa kishikio kabla ya kusafiri, mimi nimekaza skrubu tu. Valarie alishindana nacho, na cheni haikutoka hata mara moja. Mzee aliporudi alizipokea shukrani zote, hakurudisha hata chenji. "Mkono wangu huo," akasema, na hakukitazama hata kidogo.

Haya yangu ndiyo iliyotuletea balaa. Madamu alisema, "Mnaona? Ni Mzee peke yake anayeweza. Akienda, na meza iende." Mahali pake litakaa kabati la vioo la maboksi. Simchukii Madamu. Wateja wanapenda boksi, hilo ni kweli. Ila makopo yale yamezirudisha barabarani baiskeli nyingi za huu mji kuliko kabati lolote, na leo, baada ya keki, wabebaji watakuja kuitoa meza. Mzee alipoambiwa aliuliza, "Mimi nimestaafishwa na kalenda. Meza imestaafishwa na nani?"

Nitamjibu mimi. Wabebaji wakiingia watanikuta nimesimama mbele ya meza hiyo, na baiskeli ya kaka yake Valarie iko juu ya stendi. Valarie anadhani ni ya kupigia picha. Nitabadilisha kishikio mbele ya Madamu na wageni wote, kisha nitaiinua na kuiachia. Cheni ikitoka, wabebe meza, sitasema neno. Lakini haitatoka.

Mzee Wandera, sisi wa karakana tunakushukuru kwa kila kitu ulichotumwagia mezani. Nenda Busia salama, upate chai ya moto na watu wa kujisifia. Afya yako isilegee skrubu.

Nawe unayesoma: ukurasa wa Kiingereza wa karatasi hii uliyogawiwa hauna habari hizi, na Madamu amesema huu wa Kiswahili hawezi kuusoma. Nakala ya Mzee imo ndani ya fremu ya picha, atapewa mwisho. Kwa hiyo tunajua wewe na mimi tu. Kunja karatasi, itie mfukoni, usinitazame sana, maana nikitazamwa nasahau spana inazungukia wapi. Na mpaka keki ikatwe, tafadhali, usimwambie mtu.