Kasia Si Pondo

Dada zangu wa kikundi chetu cha mwani, salamu zenu nimezipokea, na mnavyonitazama pia nnaona. Bi mkubwa wa Matemwe na ubao wa wageni, wapi na wapi?

Wengine mnajua nilivyokuwa. Maji yalijaa ghafla nikiwa shambani kwangu kwa mwani, yakanichukua na gunia langu. Wenzangu walinitoa nikiwa hoi. Tokea siku ile sikutia mguu baharini. Mwaka wa kwanza nilisema naumwa. Wa pili sikusema kitu, nikakaa ndani nikiamini kila anayepita mlangoni ananicheka.

Akaja binti mmoja wa hapa hapa kijijini, kazi yake kufundisha wageni kusimama juu ya ubao na kupiga kasia. Akanambia nije asubuhi anifundishe, hataki kitu. Ndugu zangu, mtu asiyetaka kitu mimi namwogopa. Nikasema huyu anatafuta kikongwe wa kumpiga picha. Nikenda, lakini nilikwenda kumchunguza.

Akanifunga kamba mguuni, upande wa pili kwenye ubao. Nikamuuliza kwani mimi mbuzi? Alipogeuka, nikaifungua. Nikapiga magoti, nikasimama, kasia nikalishika kama pondo. Mnacheka kwa sababu mnajua: sisi chombo twakisukuma kwa mti mrefu wa kuchomeka chini, na mimi nilitaka niiguse chini, nijue ipo. Nikalichomeka mchangani. Ubao ukenda zake, mimi nikabaki nimelikumbatia kasia, kisha chubwi. Maji ya kifuani tu, lakini nilipiga kelele za mtu anayekufa. Binti hakunicheka. Na hilo nalo nikalitilia shaka.

Nilirudi, tena na tena. Siku moja kamba nikaikagua mwenyewe mara mbili, tukenda mbali kidogo. Nikashusha kasia kutafuta chini, sikuipata. Siku ile ya gunia ikanirudia yote.

Binti akasema taratibu, "Bi mkubwa, wacha kuitafuta chini. Piga maji."

"Na yakinichukua?"

"Yashakuchukua mara moja, na upo."

Nikapiga. Ubao ukenda. Nikapiga tena, nikaanguka, safari hii kwenye kina. Nikaivuta ile kamba niliyoiita ya mbuzi, ubao ukaja mkononi. Nikapanda, nikalia, wala sioni haya kusema.

Nilipotulia nikamuuliza kwa nini alinitafuta mimi. Akasema mama yake ni mmoja wa walionitoa majini, na tokea siku ile anauliza kila siku kama nimeonekana nje.

Namshukuru Mungu. Namshukuru binti yule, na mama yake aliye miongoni mwenu, na nyote mlionivuta. Mlikuwa mkipita mlangoni kunijulia hali, mimi nikadhani mnanicheka. Nisameheni.

Bamvua hili, maji yalipokupwa sana, nimerudi shambani. Kushuku sijaacha, dada zangu, na sikwambieni muache. Kila asubuhi ya ubao ile kamba naikagua mara mbili. Lakini naifunga.