Bwana Gramu: Miaka Ishirini na Minane na Homa ya Ini

Marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Gramu, alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Kaka yake alimzidi miaka saba, na walilala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipoanza kuota ndevu. Anayewasomea wasifu huu ni binti wa huyo kaka. Marehemu alikuwa baba yake mdogo, na tangu binti huyo alipofikisha miaka saba, hakuwa na baba mwingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1971. Sare zake zote zilishonwa na kaka yake, fundi cherehani, aliyekata suruali ndefu makusudi ili zimfae miaka miwili. Mwaka wa kwanza alikuwa akizikunja, mwaka wa pili zikimbana.

Baada ya mafunzo ya miaka miwili, aliajiriwa Februari 1974 kuwa mkaguzi wa mizani masokoni, kazi aliyoifanya miaka arobaini hadi alipostaafu mwaka 2014. Alitembea na sanduku la mawe ya kupimia, na hakumwonea mtu haya. Mwaka 1984 alikuta mizani ya mchinjaji mmoja ikipunja, akaifunga kwa lakiri mbele ya wateja. Miezi minane baadaye, wazee wake walipokwenda kuposa, mwenye nyumba alikuwa mchinjaji yule yule. Alimtambua kijana aliyefuatana nao, akasema, "Huyu hataniibia binti. Ataniambia ukweli hata nisipoutaka." Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1985, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Kaka yake hakuiona harusi hiyo. Alikuwa amefariki tarehe 2 Oktoba 1983, akiwa na miaka thelathini na sita. Macho yake yalikuwa ya njano, tumbo limejaa maji, miguu imevimba haiingii kiatu. Mtaa ukatoa hukumu yake: pombe. Fundi yule hakuwahi kuonja pombe, lakini nani angebishana na tumbo lile? Mjane wake alisemwa dukani, na binti yake akaitwa shuleni mtoto wa mlevi. Bwana Gramu aliwakatalia watu hadharani. Moyoni, kama alivyokuja kukiri kwa aibu, alianza kujiuliza kama kaka yake alikuwa akinywa kwa siri.

Tarehe 21 Mei 1996 mkewe alijifungua mtoto wa tatu kwa upasuaji, akapoteza damu nyingi. Bwana Gramu alikunja mkono wa shati akajitolea damu. Siku ya nne aliitwa kwenye chumba kidogo karibu na maabara. Damu yake haikutumika. Ilikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Alidhani wamechanganya chupa. Hakuwa na maumivu, macho yake yalikuwa meupe, na asubuhi hiyo alikuwa amekula akashiba.

Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alimweleza kwamba huenda alizaliwa navyo, kwa kuwa mama mwenye virusi aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua bila mwenyewe kujua. Vilevile hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa wembe au sindano ya kuchangia. Vinaweza kukaa ndani ya ini miaka mingi bila kubisha hodi, ndipo ini likawa gumu au likaota saratani. Bwana Gramu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: kaka yake, macho ya njano, tumbo la maji, na hakunywa.

Daktari alivua miwani. "Sikumpima, kwa hiyo siwezi kuapa," alisema. "Lakini mmetoka tumbo moja. Mimi ningetafuta virusi kabla sijatafuta chupa."

Hapo ndipo alipolia, na hakuwa akililia ini lake.

Zilifuata siku kumi na moja za kungoja majibu ya mke na watoto. Mama mkwe, kwa hofu yake, alimtengea mkwewe kikombe na sahani. Mkewe, na kidonda chake cha upasuaji, akajikongoja kutoka kitandani, akakichukua kikombe kile mezani, akanywa chai yote iliyobaki. "Mama, daktari amesema haupiti kwa kikombe," alisema, akarudi kulala. Majibu yalipotoka, mke na watoto wote walikuwa salama, na wote wakaanza chanjo. Bwana Gramu alikaa kwenye benchi la korido akacheka peke yake mpaka muuguzi akaja kumuuliza kama anaumwa.

Jumamosi iliyofuata alikusanya ukoo sebuleni akawaeleza yote bila kuficha ugonjwa wake. Kisha akamgeukia binti wa kaka yake, wakati huo wa miaka ishirini. "Mwanangu, baba yako hakuwa mlevi. Alikuwa mgonjwa. Na mimi nilimshuku, nisamehe." Binti na mama yake walipimwa juma hilo hilo, wakakutwa wazima. Usiku ule walilala usingizi ambao hawakuwa wameulala kwa miaka kumi na mitatu.

Tangu hapo alikwenda kliniki kila miezi sita. Hakugusa pombe, alikataa mizizi ya kila aliyejiita mtaalamu, na karanga zenye ukungu, ambao ni sumu kwa ini, alizitupa hata zikiwa za mwenyeji wake. Mwaka 2009 alianzishiwa vidonge, akavimeza kila siku saa moja asubuhi. Sokoni, akimaliza kukagua mizani, alimuuliza mfanyabiashara, "Na ini, umepima?" Wengi walicheka. Thelathini na wawili, kwa hesabu yake, walikwenda kupima.

Picha ya mwisho ya ini lake ilipigwa tarehe 9 Mei mwaka huu wa 2024. Haikuonyesha uvimbe wowote. Moyo ndio uliochoka. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni, saa tisa alasiri, kwenye kiti chake barazani, baada ya kuomba chai ambayo hakuinywa.

Ameacha mjane, watoto watatu, shemeji mmoja, binti mmoja wa kaka yake, na wajukuu watano. Wote wamepimwa, wote wamechanjwa, wote wazima. Baba mdogo, lala kwa amani. Huna wa kumhangaikia tena.