Misa ya Mke wa Papa Radjabu

Hapo Kadutu, chini kidogo ya soko, pana benchi ambalo halijapumzika tangu lipigiliwe misumari. Wenyewe ni watatu. Yupo Cravate, aliyeficha tai yake sandukuni tangu serikali ya Zaïre ilipozipiga marufuku, na bado hushika shingo akikasirika. Yupo Brigadier, mwanajeshi mstaafu asiyejua kunong'ona. Yupo Catéchiste, ambaye jina lake la ubatizo lilifutwa kwenye karatasi na serikali hiyohiyo, basi wakamwita kwa kazi yake. Kahawa wanaletewa na Papa Radjabu, mtu wa Kasongo, Mwislamu pekee kijiweni. Aliyekuwa akiipika ni mke wake, na mume akiugua aliileta mama mwenyewe. Sasa mama huyo amefariki, wiki mbili zimepita. Leo mzee amerudi na birika kwa mara ya kwanza, wala si kwa ajili ya biashara. Anatafuta mtu wa kumlilia mkewe pamoja naye, maana kuzungumza na ukuta kumemchosha.

Akawamiminia. Wakapokea bila kumtazama usoni.

— Kawa ya leo iko chungu, akasema Cravate.

— Nimeipika mimi.

Catéchiste hakuweza kuvumilia zaidi.

— Papa Radjabu, ulitukosea! Tulisikia maman amekufa. Tukatafuta mbao za sanduku, tukabeba na bidon ya kasiksi ya kilio. Tunafika mangaribi, banatuambia: amekwisha kuzikwa! Ni mambo gani ile?

— Kwetu maiti haingojeaka. Alikufa alfajiri, azuhuri tukamuzika.

— Na kasiksi tukairudisha! akanguruma Brigadier.

— Kurudisha wapi? akasema Cravate. Uliimaliza njiani.

Mzee nusura acheke. Pombe ya ndizi kwenye kilio cha Mwislamu! Mkewe angeicheka habari hiyo mpaka ashike mbavu. Kisha akakumbuka kwamba hana tena wa kumpelekea habari za kijiweni.

— Inchi moya, parti moya, akaendelea Brigadier, kama yuko kwenye mkutano wa chama. Na kilio iwe moya! Mutu anajizikia peke yake, huyo iko Muzaïrois kweli?

— Baba yangu alizaliwa Kasongo. Kasongo iko Zaïre. Munataka nizaliwe mara ngapi?

Cravate akashika shingo.

— Mimi najua. Batu ya Kasongo banazika mbio juu ya kuogopa. Siku ya pili mufu anasemaka siri yote ya nyumba!

— Hapana! akadakia Catéchiste. Banamulalisha na ubavu, anaangalia upande wa Lac, kule kwa maji. Chini kule kuko njia, inatokea Arabia. Na iko na saa yake, kama ndege ya Kavumu. Ukichelewa, umebakia.

— Na visa, nani anamupatia? akauliza Brigadier.

Wakacheka, wakagongana mabega. Papa Radjabu aliishika birika kwa mikono miwili. Aliumia sana. Miaka yote alikuwa akicheka nao upuuzi wa namna hii. Leo upuuzi wenyewe ulikuwa juu ya mke wake. Lakini hasira yao aliielewa: mtu hahangaikii mbao kwa ajili ya mtu asiyempenda. Wangemwambia hivyo mara moja tu, angeridhika.

Catéchiste akamwona uso.

— Tuache kugombana. Kuzika tumekosa, basi tumuombee misa. Siku ya Mungu, kule kanisa ya paroisse, batu bote basikie.

Mzee alitaka kusema kwamba marehemu alikuwa na sala zake tangu utoto. Misa au si misa, watu watatu walitaka kumwombea, na moyo wake ukalegea.

— Aksanti, akasema. Aksanti sana.

Wakati huo alikuwa akipita Emérence, muuza mikate aliyehamia mtaani juzi tu kutoka Nyangezi, beseni kichwani.

— Maman, akaita Catéchiste, unashuka paroisse? Ambia padri atuwekee misa siku ya Mungu. Ya maman wa hapa, ule alikuwa anatupikia kawa.

— Sawa, papa. Anaitwa nani? Padri atauliza jina.

Catéchiste akamtazama Cravate. Cravate akaangalia kikombe chake. Brigadier, pengine kwa mara ya kwanza tangu atoke jeshini, akasema kwa sauti ya chini:

— Si maman wa kawa?

— Ile ni kazi yake, papa. Mimi nauliza jina.

Papa Radjabu alikuwa ameketi palepale, bega lake likigusana na la Cravate. Jina alikuwa nalo mdomoni, tayari. Alingoja mmoja tu ageuke amuulize. Lakini kumuuliza kungekuwa kukiri mbele yake kwamba jina hilo hawakuwahi kulijua, na aibu iliwashika wote watatu.

— Sema maman wa kawa, akasema Catéchiste hatimaye, macho chini. Mungu atamujua.